Kumpokea Mbwa Mdogo Aliyekosa Makao

Haya ni maneno ya mazungumzo juu ya ulezi wa mbwa, yaliyotayarishwa kwa ajili ya wenye nyumba wa mijini na wa mashamba.



Kila mwaka wapo watu wahamao. Mtumishi aliyekuwa Nakuru hupelekwa Mombasa, na huko hupata chumba katika nyumba ya ghorofa ambayo mwenyewe hataki wanyama. Mzee aliyekaa peke yake hufariki, na jamaa zake huja kugawana vyombo na kufunga mlango. Vitanda na masufuria hupata wa kuvichukua siku ile ile. Mbwa mdogo aliyelala miaka sita mlangoni pa jiko hapati. Wengine humtia garini wakamwacha kando ya barabara, kwa kudhani kwamba mbwa yeyote hujua kujitafutia. Mbwa mkubwa wa mchungaji pengine aweza kwa muda. Mbwa mdogo wa nyumbani hawezi: huumwa na mbwa wenziwe jalalani, hugongwa na gari, au hukonda akingojea kwenye mlango uliofungwa. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, yaani Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, yakataza kumtia mnyama katika mateso yasiyo ya lazima, wala haibagui mnyama wa thamani na asiye wa thamani.

Basi ni jambo jema mtu akisema, "Mleteni kwangu." Lakini neno hilo lafaa kulaliwa usiku mmoja kabla ya kutamkwa. Mbwa mdogo aweza kuishi miaka 12 au zaidi. Mtoto aliyemlilia baba yake apate mbwa atakuwa amemaliza shule, na mbwa yungali anataka kula. Apokelewaye kwa huruma ya siku moja na kufukuzwa baada ya mwezi ameumizwa mara mbili.

Mpokeaji na amwulize mwenye mbwa maswali bila haya. Kwa nini aachwa? Amepata kumwuma mtu? Ni jike au dume, na amehasiwa? Huogopa nini: radi, fimbo, watoto wenye kelele? Huua kuku? Swali hili la mwisho husahauliwa sana na watu wa mashamba, na majibu yake huonekana asubuhi ya pili. Mwenye mbwa akijibu tu, "Huyu hana neno," huku akiharakisha kuondoka, yafaa aulizwe tena.

Lakini lililo kubwa kupita yote ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa katika Kenya tangu mwaka 1912, kwa mbwa aliyepatikana karibu na Nairobi, na haujaondoka. Mwaka 2014 Serikali ilitoa mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa wanadamu ifikapo mwaka 2030, na nguzo ya mpango huo ni kuchanja mbwa, kwa kuwa katika kila watu 100 wapatao ugonjwa huu ulimwenguni, karibu 99 huupata kwa mbwa. Wataalamu wasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa mwaka hata mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mbwa anayezurura bila mwenyewe ni vigumu kushikwa na kuchanjwa. Kwa hiyo ampokeaye mbwa mmoja, akampeleka kuchanjwa na kumweka ndani ya ua wake, amewakinga pia watoto wa jirani.

Asidanganyike mtu na udogo wa mbwa. Sumu ya kichaa imo katika mate, na jino dogo laweza kuitia mwilini sawasawa na jino la mbwa wa polisi. Hata mate yakigusa kidonda kibichi, hatari ipo. Mbwa asiyejulikana alikotoka na aonwe na daktari wa wanyama kabla ya kuachwa na watoto. Na ijapokuwa amechanjwa leo, yapasa kumwangalia kwa miezi kadhaa, maana chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa, na ugonjwa waweza kujificha mwilini muda mrefu. Akibadilika tabia, akashindwa kumeza, akatokwa na mate mengi au akauma hovyo, asishikwe kwa mikono. Afungiwe mahali na habari ipelekwe upesi kwa ofisi ya mifugo. Mtu aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kupata sindano, asingoje kuona kama ataugua. Dalili zikianza kwa mwanadamu, karibu hakuna aponaye. Wengi wamepoteza siku zao kwa kupaka jeraha pilipili au mafuta ya taa.

Karatasi ya chanjo ichukuliwe pamoja na mbwa. Ikiwa haipo, ahesabiwe kuwa hajachanjwa, hata mwenyewe akiapa. Katika Nairobi ipo pia sheria ya kaunti ya mwaka 2015 juu ya mbwa, itakayo awe na leseni.

Asiye na rafiki mwenye mbwa wa kutoa aweza kwenda kwa chama kiitwacho KSPCA, ambacho asili yake ni mwaka 1910 na ambacho hutunza wanyama waliotupwa na kuwatafutia makao. Huko atakuta si watoto wa mbwa tu, bali na mbwa wazima. Watu hukimbilia watoto kwa sababu ya uzuri wao, lakini mbwa mzima tabia yake imekwisha kujulikana, na kwa mama mwenye kazi nyingi huyo ndiye afaaye zaidi.

Jike asiyehasiwa aweza kuanza kutafutwa na madume akiwa na miezi sita hivi, na mimba yake ni siku 63 tu. Aliyepokea mmoja mwezi wa Januari aweza kujikuta anatafuta makao ya sita kabla ya mwaka kwisha.

Juu ya chakula, desturi ya nyumba nyingi ni kumtupia mbwa makombo. Ugali wenye dagaa au nyama kidogo wafaa, lakini mchuzi wa kitunguu haufai, maana kitunguu huharibu damu ya mbwa, na kadiri mbwa alivyo mdogo ndivyo kiasi kidogo kinavyomdhuru. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama vigae na kutoboa matumbo. Maini na mapafu mabichi yenye mavimbe ya maji asipewe kabisa: humo hukaa mbegu za mnyoo ambao mbwa humrudishia mwanadamu kwa mavi yake, nao humfanyia mtu mavimbe makubwa tumboni. Watu wa Turkana wameteswa sana na ugonjwa huo. Apewe dawa ya minyoo kwa wakati, na watoto wanawe mikono kabla ya kula. Kupe waondolewe, lakini dawa ya josho la ng'ombe asipakwe mbwa wa kilo tano bila kumwuliza daktari. Wako waliowaua mbwa wao kwa njia hiyo huku wakiwatibu.

Watu wa pwani, na Waislamu popote walipo, wana sharti lao. Kwa wafuatao madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa kulinda au wa mifugo ameruhusiwa. Mwenye majirani wa namna hiyo na amjengee mbwa banda nje, lisiloingia maji, naye asimwachie kuzurura mbele ya msikiti au barazani kwa watu.

Siku za kwanza mbwa hujificha chini ya meza, hukataa chakula, pengine hukojoa ndani. Asipigwe. Amepotewa na sauti zote alizozijua, naye hajui kama amekuja kukaa au kupita. Apewe pembe moja tulivu, maji safi, na kipande cha nguo au blanketi chenye harufu ya nyumba ya zamani. Watoto wamwache aje mwenyewe. Mchana atembezwe kwa kamba, kwa sababu mbwa wengi hutoroka juma la kwanza wakirudi kwao, na wa mjini hafiki mbali kabla ya kukutana na matatu.

Na jina lake asibadilishiwe upesi. Katika nyumba hiyo ngeni, pengine ndilo neno pekee alijualo.