Kabla ya Kupiga Hema Kando ya Ruvuma

Wengi wanaotamani kulala porini huwaza jambo moja: hema lipigwe ukingoni kabisa mwa mto, msitu uwe nyuma, maji mbele. Katika bonde la mto Ruvuma, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji, wazee wa Kimakonde hawakulikubali wazo hilo.

Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani Karl Weule alisimuliwa na Wamakonde asili ya kabila lao. Mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mwanamke kwa mti, ikapata uhai, akawa mkewe. Waliposhuka mtoni Ruvuma kuoga, mtoto alizaliwa mfu. Wakahamia bonde la mto mwingine, wa pili naye akazaliwa mfu. Waliporudi juu uwandani, kwenye vichaka vizito, wa tatu akaishi. Tangu hapo ikawa amri ya wazee: mtu asijenge karibu na mto mkubwa. Ndiyo maana vijiji vya Wamakonde, pande zote mbili za mto, vilisimama juu mahali pasipo na maji, na wanawake wakateremka mbali bondeni kuchota. Vichaka hivyo viliwakinga pia na wawindaji wa watumwa, lakini simulizi yenyewe inataja afya ya mtoto, na hilo linastahili kusikilizwa.

Wareno, waliotawala Msumbiji, hawakulisikiliza. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Aprili 1916, waliitwaa Kionga mlangoni mwa mto, eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelichukua mwaka 1894, wakaweka kambi zao bondeni humo. Malaria na magonjwa ya tumbo yaliwamaliza askari wengi kuliko risasi. Novemba 25, 1917, kambi yao nyingine ilikuwa Negomano, pale mto Lugenda unapoingia Ruvuma. Jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilivuka mto, likawazingira na kumuua kamanda wao, Meja João Teixeira Pinto, kisha likabeba bunduki na risasi za kutosha kuendelea na vita.

Basi anayelala kwenye bonde kama hili aangalie nini?

Kwanza atazame matawi ya miti. Nyasi kavu na takataka zilizonasa juu yake zinaonyesha mafuriko ya mwisho yalifika wapi, na mto huu huweza kujaa chini ya anga jeupe kwa mvua iliyonyesha mbali, upande wa Songea. Kisha atazame chini. Njia ya kiboko huwa na mifereji miwili iliyochimbwa na miguu ya kushoto na ya kulia, katikati pamebaki tuta la nyasi. Hema likipigwa hapo, kiboko anayerudi majini alfajiri hatazunguka. Maji yasichotwe kwenye kina, maana kuna mamba. Huchimbwa shimo mchangani, hatua kadhaa kutoka ukingoni, maji yakajichuja yenyewe, yakachemshwa kabla ya kunywewa. Huko Kionga, mlangoni mwa mto, liko la kuongeza: wavuvi wanaokwenda dago, yaani kambi za muda za uvuvi, hulala juu ya alama ya bamvua, pale maji makuu ya bahari yanapofika.

Si sahihi, hata hivyo, kumwalika mtu leo akalale Kionga kwa starehe. Mji wa Palma, karibu na Kionga upande wa Msumbiji, uliposhambuliwa na waasi Machi 2021, maelfu walikimbilia msituni, wakalala huko siku kadhaa bila mkeka wala chandarua. Waliofanikiwa kuvuka Ruvuma, wengi walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Watu hao hawahitaji kuona wageni wakicheza mchezo wa kulala porini kwenye ardhi yao kabla wao wenyewe hawajalala kwa amani nyumbani.

Kwa sasa, mwenye hamu aende kwenye mto huo huo, lakini kwenye chanzo chake. Ruvuma inaanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, kisha inasafiri kilomita 800 hivi hadi baharini. Kule juu kuna msitu wa mlimani, vijito baridi, na usiku unaodai blanketi zito. Msitu huo umehifadhiwa na ndio unaoupa mji wa Songea maji, kwa hiyo mgeni aombe kibali kwa watu wa misitu, achimbe choo angalau mita 60 kutoka kwenye kijito, atumie kuni zilizoanguka tu, na vyombo avioshee mbali na maji, sabuni isiguse kijito kabisa.