Kalamu Kutoka kwa Kisiki cha Mathenge

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya vikundi vya wachoma makaa na vijana wa ufundi, Marigat



Sikuja kuwaeleza ubaya wa mathenge. Hilo mnalijua kuniliko. Mti huu uliletwa hapa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili utupe kuni na kushika udongo. Mwaka 2006 jamii ya Ilchamus ikafika mahakamani Nairobi na mbuzi asiye na meno, ili wakubwa wajionee wenyewe kazi ya yale maganda matamu. Tangu hapo wito umekuwa mmoja: kateni, chomeni makaa. Mmekata sana. Lakini mathenge ukikatwa juu ya ardhi huchipuka tena, na palipokuwa na shina moja panakuwa na vishina vitano au sita vyenye miiba. Mchoma makaa hana faida ya kuhangaika na kisiki. Kukichimba ni jasho, kukipasua ni shoka kuvunjika mpini. Kwa hivyo anakiacha.

Nataka tuzungumze juu ya hicho kinachoachwa.

Mti uliokatwa mara nyingi hufanya uvimbe pale chini, usawa wa ardhi na kidogo ndani yake. Machipukizi yanagombania nafasi, gome linamezwa ndani, nyuzi za mti zinajipinda kila upande. Hiyo ndiyo nundu. Ukiipasua huoni mistari iliyonyooka kama ya mbao ya msonobari. Unaona mawimbi, macho madogo madogo, rangi ya kahawia iliyokolea ikikutana na manjano, na katikati yake mashimo: mengine ya wadudu, mengine ya gome lililooza, mengine ni nyufa tu. Seremala wa vitanda ataitupa, na ana haki, kwa sababu haimfai. Mtengenezaji wa kalamu anahitaji kijiti kirefu kama sentimita 13 na unene wa sentimita 2 kila upande. Kijiti cha ukubwa huo kinapatikana hata kwenye kisiki kibovu.

Hesabu ni rahisi. Pande la sentimita 20 kwa 20, lenye urefu wa 13, likipasuliwa vizuri linatoa vijiti zaidi ya 60 kwenye karatasi. Toa nusu kwa sababu ya uozo na nyufa zisizotibika. Bado una 30 na zaidi, kutoka kwa kitu ambacho hakikuingia hata kwenye tanuri.

Kule Marekani, katika jimbo la Texas, mti wa jamii moja na mathenge unaitwa mesquite. Mafundi wa huko wanaukereza kalamu na mabakuli, na wanaupenda kwa sababu ukikauka haujikunji wala haupindi sana. Mathenge ni ndugu yake wa karibu. Ni mgumu, mzito, na ukisuguliwa unang'aa.

Sasa kazi yenyewe. Chimbeni kisiki, mkikate chini ya ardhi ile sehemu inayochipuka itoke yote. Pasueni vijiti, pakeni nta au rangi kwenye ncha mbili ili maji yasitoke kwa haraka na kupasua mti, kisha viwekeni kivulini penye hewa. Msiviweke juani! Vipimeni kwa mizani ya jikoni kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, vimekauka.

Hapo ndipo mashimo yanapotaka subira. Vijana wengi huharakisha kutoboa kijiti, kisha keekee inakutana na shimo, inayumba, na kijiti kinapasuka. Ziba kwanza, toboa baadaye. Kwangua gome bovu na uozo kwa ncha ya kisu mpaka ufikie mti mgumu. Nyufa nyembamba zipewe supaglu iliyo nyepesi kama maji, itanyonywa yenyewe. Shimo kubwa lataka epoksi, ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa. Zungushia selotepu ya karatasi ili isimwagike, jaza, uache hadi kesho yake. Ndani ya gundi unaweza kutia unga wa msumeno wa mti huohuo, au kahawa iliyosagwa ikiwa unataka weusi. Mimi napenda zaidi unga wa shaba unaodondoka kwenye mashini ya fundi wa funguo. Muombe, kwake ni takataka. Ukisugua kalamu, lile shimo linakuwa mshipa wa dhahabu.

Wapo wanaopaka shimo rangi ya mti ili lisionekane. Naona ni kupoteza mali. Mnunuzi akitaka kalamu isiyo na alama ataipata ya plastiki dukani kwa bei ya chapati.

Baada ya hapo kata kijiti mara mbili, toboa kwa keekee ya milimita 7, na gundisha mirija ya shaba ndani. Kama umejaza gundi isiyo na rangi, paka mirija rangi nyeusi kwanza, la sivyo itang'aa kupitia shimo kama jino la bandia. Funga kwenye kerezo, ile mashini wengi mnayoiita lethi. Patasi iwe kali, na ukate kidogo kidogo, maana ukifika kwenye shimo kwa pupa kipande kitaruka. Vaa miwani na ufunike pua. Vumbi la mti huu linawasha ngozi na kifua. Maliza kwa msasa, kutoka ule mkwaruzo hadi ule laini kabisa. Nta ya nyuki wetu wa Baringo inaleta mng'ao mzuri, ila jasho la vidole huiondoa. Tabaka kadhaa nyembamba za supaglu, zikisuguliwa, hudumu zaidi.

Niseme wazi upande wa pili. Kalamu hazitamaliza mathenge. Ekari zilizovamiwa ni nyingi mno. Kerezo inataka stima na mtaji, kwa hivyo ni kazi ya kikundi au chuo cha ufundi, si ya mtu mmoja. Vyuma vya ndani, yaani mirija, klipu na wino, vinaagizwa kutoka nje, na lazima muhesabu gharama yake kabla ya kutaja bei. Soko ni la zawadi: watalii wa Ziwa Bogoria na Ziwa Baringo, mahafali, ofisi. Anzeni na kumi, muone zinakwenda wapi.

Mambo mawili ya sheria. Kabla ya kusafirisha mbao au makaa, ulizeni ofisi ya Huduma ya Misitu kuhusu kibali. Na asitokee mtu akageukia nundu za msandali au mizeituni ya msituni kwa sababu ni nzuri zaidi. Nundu ikichongolewa kwenye mti ulio hai, huo mti una kidonda. Mathenge tunao wa kutosha. Wala asipande mwingine kwa ajili ya kalamu, tafadhali.

Maswali nitayapokea sasa. Nimeona pale nje kuna mkokoteni wenye visiki viwili. Mwenyewe akiruhusu, tukavipasue kimoja tuone ndani kukoje.