Slasha ya Futi Ngapi kwa Trekta ya Farasi Ngapi?

Mazungumzo kwa vikundi vya wakulima, Matiliku



Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo huku Ukambani ndizo za kutegemewa, zikishapita, mashamba ya miembe na michungwa hubaki yamejaa nyasi na vichaka. Kufyeka kwa panga huchukua siku nyingi na vibarua wengi. Ndiyo sababu kikundi kikishapata trekta ndogo, swali linalofuata huwa ni la slasha ya kuvutwa nyuma: inunuliwe ya futi nne, tano au sita? Swali hilo lina pesa nyingi ndani yake. Slasha ikiwa kubwa kupita kiasi, trekta huzimika kila mara, klachi huungua na injini huchemka. Ikiwa ndogo mno, mafuta na saa za dereva hupotea bure.

Hesabu ianzie mahali panapofaa. Nambari iliyoandikwa kwenye boneti, tuseme farasi 35, ni nguvu ya injini. Slasha haizungushwi na injini moja kwa moja. Huzungushwa na shafti ya nyuma ambayo madereva huiita PTO. Nguvu inayofika kwenye shafti hiyo kwa kawaida ni asilimia 80 hadi 85 ya ile ya injini, kwa kuwa giaboksi na pampu za mafuta huchukua sehemu yake. Kitabu cha trekta huonyesha nguvu ya PTO peke yake, na muuzaji asiyeweza kuionyesha hajajibu swali.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa ni nyepesi. Maeneo haya ya Nzaui yako juu ya mita 1,000. Kwa hiyo kama asilimia 10 imeshaondoka hata kabla trekta haijawashwa. Farasi 35 za boneti zinabaki 31 na kitu; zikifika kwenye PTO ni kama 26.

Sasa kanuni yenyewe: kila futi moja ya upana wa slasha inahitaji karibu farasi 5 za PTO kwa nyasi na vichaka vya kawaida. Gawanya 26 kwa 5, utapata futi tano na kidogo. Trekta hiyo basi ni ya slasha ya futi tano. Ya futi sita itazunguka vizuri dukani na kwenye nyasi laini, lakini ikikutana na nyasi ndefu zenye umande, au miti michanga ya miiba yenye unene wa kidole gumba, itakwama. Trekta ya farasi 25, kwa hesabu hiyohiyo, inafikia chini kidogo ya futi nne. Futi nne itaweza iwapo dereva ana subira na shamba halijaachwa misimu miwili.

Upana una mpaka wa upande wa pili pia. Chukua futi ya kupimia, pima kutoka ukingo wa nje wa tairi moja ya nyuma hadi ukingo wa nje wa ile nyingine. Slasha ikiwa nyembamba kuliko kipimo hicho, tairi hulalisha nyasi bila kukatwa, na baada ya siku mbili zinasimama tena kama hazikuguswa. Katikati ya mistari ya miembe na chini ya matawi, slasha inayofunika nyayo za tairi ndiyo inayomaliza kazi kwa mpito mmoja.

Halafu uzito. Slasha nyepesi ya futi tano huwa na kilo 200 au zaidi, na uzito huo unaning'inia mbali nyuma ya trekta. Ikiinuliwa kwenye mteremko, tairi za mbele huwa nyepesi na usukani hautii. Vyuma vya uzito vya mbele vihesabiwe kwenye bei tangu mwanzo.

Mashamba ya huku yana matuta ya fanya juu, na hapa ndipo hatari ilipo. Visu vya slasha ni vizito. Dereva akikanyaga klachi bado vinazunguka, na katika trekta nyingi za zamani mzunguko huo hurudi kupitia shafti na kuisukuma trekta mbele. Futi chache tu zinatosha kuitoa kwenye ukingo wa tuta. Kipo kifaa kidogo cha kuvalishwa kwenye PTO kinachoruhusu visu vizunguke vyenyewe bila kuisukuma trekta. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na trekta iliyopinduka. Kikundi chenye trekta ya zamani kisinunue slasha bila kifaa hicho.

Kazini, akselereta iwekwe pale alama ya PTO 540 ilipo kwenye saa ya dereva, yaani shafti izunguke mara 540 kwa dakika. Nyasi zikiwa nzito, badilisha gia iwe ya chini, usipunguze injini. Madereva wengi hufanya kinyume wakidhani wanaokoa mafuta, visu vinapoteza kasi, nyasi zinachanika badala ya kukatika.

Kisiki au kichuguu kikipigwa, bolti laini kwenye shafti hukatika. Imewekwa hapo ili ikatike. Kishawishi ni kuchomeka kipande cha nondo kazi iendelee; kisiki kinachofuata kitavunja meno ya giaboksi. Bolti za akiba za aina iliyoandikwa kitabuni zikae kwenye sanduku la trekta. Slasha yenye klachi ya kuteleza badala ya bolti ilegezwe na kuzungushwa kidogo kila mwanzo wa msimu, maana sahani zake hushikana kwa kutu.

Shafti ya PTO huzunguka mara tisa kwa sekunde. Leso, koti lililofunguka au mkono wa shati ukinaswa hakuna muda wa kuvuta. Kifuniko chake kisitolewe, na mtu asishuke kabla PTO haijazimwa na visu havijasimama kabisa. Jiwe likipigwa na kisu huruka kama risasi. Watoto na mifugo wawe umbali wa mita mia moja.

Inafaa pia kuuliza kama slasha ndiyo inayotakiwa. Mwenye ng'ombe anayetaka kuweka nyasi za kiangazi hafaidiki nayo, kwa kuwa inazikatakata na kuzitawanya. Huyo atafute mashine ya kukata nyasi ndefu. Mwenye ekari mbili anaweza kukodi kwa kikundi jirani. Kwa mwenye miembe, nyasi zilizokatwa ni matandazo yanayohifadhi unyevu, mradi yasirundikwe kwenye shina. Maembe yaliyoanguka yaokotwe kabla ya trekta kuingia: slasha haiui funza wote wa inzi wa matunda, inawatawanya. Yazikwe angalau nusu mita ardhini, siku hiyohiyo.