Ukuta Ungoje, Ngazi Isingoje

Mazungumzo kwa wakazi wa Lamu wenye miaka 60 na zaidi, familia zao na mafundi wao



Mada ya leo ina mambo matatu ambayo si kawaida kuyasikia katika kikao kimoja: ukarabati wa nyumba, kazi ya sindano, na subira inayopungua kadiri umri unavyosonga. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Mkomani na Langoni, mambo hayo matatu hukutana chini ya dari moja. Bibi wa miaka sabini na kitu anashona kofia karibu na dirisha. Fundi anauliza kama avunje ukuta au auache. Mwana yuko Mombasa, anapiga simu akitaka jibu leo. Binti ana rai yake kuhusu choo, na jirani ana rai yake kuhusu rai ya binti. Mwisho bibi anachoka na kusema, "Fanyeni mtakavyo, niacheni nishone."

Maneno hayo ndiyo sababu ya mazungumzo haya. Kwa bibi, ni njia ya kupata utulivu. Kwa fundi, ni ruhusa. Ukuta uliosimama tangu karne ya 18 unaweza kuanguka kabla ya adhuhuri kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amechoka kuulizwa maswali.

Kwanza, tuelewane kuhusu hiyo subira. Mtu mzima anapokosa uvumilivu, wengi husema amekuwa mkali, au uzee umembadilisha tabia. Mara nyingi si hivyo. Mtaalamu wa saikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, amechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyochagua mambo ya kushughulikia kadiri wanavyozeeka. Anaeleza kwamba mtu akihisi muda uliobaki si mrefu, huyaacha mambo yasiyo na maana kwake na kuyashika yale anayoyathamini. Kwa hivyo, bibi anayekatiza mjadala wa rangi ya vigae huenda hajapoteza subira. Ameamua tu mahali pa kuitumia.

Ushahidi uko mkononi mwake. Kofia ya Lamu ya kushonwa kwa mkono ina sehemu mbili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Vile vitundu vidogo, yaani viua, hutobolewa kimoja kimoja kisha huzungushiwa uzi ukingoni ili visichanike. Kofia moja yaweza kuchukua wiki kadhaa, na ile yenye nakshi nyingi huchukua miezi. Mtu anayekaa saa mbili juu ya vitundu hivyo bila kulalamika hawezi kuambiwa hana subira. Subira yake ipo, ila sasa ni ya kuchagua. Ukarabati mzuri wa nyumba ya mtu mzima huanzia hapo: kila swali la fundi liwekwe mahali pake, ili subira iliyopo isitumike kwa mambo madogo na kukosekana kwa makubwa.

Njia rahisi ni kugawa kazi zote katika mafungu matatu: isiyongoja, inayongoja, na isiyo na haja.

Fungu la kwanza ni kazi isiyongoja. Hapa haraka ina faida. Nyumba nyingi za mawe zina ngazi zenye mwinuko mkali, vidato visivyolingana na giza hata mchana. Mtu mzima akianguka na kuvunjika nyonga, huenda asirudi tena kutembea kama zamani. Kwa hivyo ngazi ndiyo ya kwanza: kishikio imara upande mmoja au pande zote mbili, taa yenye swichi juu na chini, na alama ya rangi nyeupe kwenye ukingo wa kila kidato. Baada ya ngazi ni choo na bafu: sakafu isiyoteleza, kishikio karibu na mahali pa kukaa, na mlango unaoweza kufunguliwa kutoka nje ikiwa mtu ameanguka ndani. Kisha paa linalovuja, boriti iliyoliwa na mchwa, na nyaya za umeme zilizo wazi.

Kazi hizi hazihitaji mjadala wa wiki tatu, na nyingine si za gharama kubwa. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa katika mpango wa Inua Jamii hupokea Sh2,000 kwa mwezi. Fedha hizo haziwezi kujenga ukuta, lakini zinaweza kununua taa ya ngazini na kopo dogo la rangi. Mtoto aliye mbali anayeuliza atume nini apewe jibu hili: atume kishikio cha ngazi kwanza, sofa ifuate.

Fungu la pili ni kazi inayongoja. Hapa haraka ni hasara. Kuta za mji wa kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliofanya vyumba kuwa vyembamba na virefu. Ukuta wa namna hii hupumua. Huvuta unyevu, kisha huutoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Ukipakwa saruji, unyevu hufungiwa ndani pamoja na chumvi ya bahari. Mwanzoni ukuta huonekana laini na mgumu, na mwenye nyumba hufurahi. Baadaye lipu huanza kuvimba, kisha hubanduka ikiwa imeshikana na vipande vya jiwe. Nondo zilizofunikwa kwa zege lenye mchanga wa chumvi nazo hushika kutu, hupanuka na kupasua zege lenyewe.

Chokaa haipendi kuharakishwa. Huhitaji kulowekwa vizuri kabla ya kutumika, na hupakwa tabaka baada ya tabaka, kila moja ikisubiri ya chini yake ishike. Ukuta uliolowa mvua ya masika uachwe ukauke kwanza. Fundi anayeahidi kumaliza chumba kizima kwa siku mbili aulizwe anatumia nini. Fundi wa chokaa na mshona kofia wangeelewana bila mkalimani, kwani wote wawili wanajua kwamba kazi ya jana isiposhika, ya leo haitakaa.

Kungoja hakumaanishi kusahau. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa unaopanuka si wa kuachwa. Ufa mdogo uwekewe alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, pamoja na tarehe. Ukivuka alama, hamishia kazi hiyo kwenye fungu la kwanza na umwite fundi anayezijua nyumba za mawe.

Katika fungu hili kuna ruhusa pia. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kitaifa ya mwaka 2006 inalinda majengo ya aina hii. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 nayo inataka ujenzi na mabadiliko ya majengo yapate kibali cha kaunti. Kabla ya kuvunja ukuta, kuondoa vidaka, kubadilisha mlango wa nakshi au kuongeza ghorofa, familia ifike katika ofisi ya Makumbusho ya Kitaifa hapa Lamu na katika idara ya mipango ya kaunti. Wengine huona safari hiyo kuwa usumbufu. Lakini kwa bibi aliyechoka kubishana, kibali ni kinga. Fundi akisema "tuvunje tu," jibu lake ni fupi: "Lete karatasi."

Kuna karatasi nyingine inayosahauliwa. Nyumba nyingi ni za mirathi, na warithi ni wengi. Anayeishi ndani si lazima awe mwenye pekee. Makubaliano ya warithi yaandikwe na kutiwa saini kabla nyundo haijainuliwa, maana ukuta uliovunjwa hurudishwa kwa fedha, lakini undugu uliovunjika hauna fundi.

Fungu la tatu ni kazi isiyo na haja. Rangi ya vigae, dari ya mapambo, taa za rangirangi, kabati jipya wakati la zamani bado linafunga. Mambo haya ndiyo yanayomaliza subira ya mtu mzima, kwa sababu yana maswali mengi na uzito mdogo. Mwenye nyumba ana haki ya kusema hayataki. Ana haki pia ya kusema, "Hilo amueni wenyewe," mradi awe amelikabidhi kwa kupenda na si kwa kuchoka.

Sasa tuje kwenye namna ya kuulizana. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya kinatambua haki ya wazee kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima, na kupata matunzo kutoka kwa familia na Serikali. Heshima hiyo huanzia nyumbani. Kumuuliza mama swali moja mara saba kwa siku hakumheshimu, na kumwamulia nyuma ya mgongo wake hakumheshimu pia.

Utaratibu huu husaidia. Maswali yakusanywe na kuletwa mara moja kwa siku, asubuhi, akiwa amepumzika. Kila swali liwe na njia mbili, si saba, na kila njia iwe na gharama yake. Fundi alete mfano wa kuonekana: kipande cha kigae, kiraka cha lipu kilichopakwa ukutani. Mtu mmoja wa familia awe msemaji kwa fundi, wengine wapitie kwake. Jibu la jambo kubwa lilale usiku mmoja kabla ya kutekelezwa. Malipo yafuate hatua za kazi na yaandikwe, yasitolewe yote mwanzoni. Na kwa kuwa mawe na mchanga hubebwa na punda katika vichochoro vyetu, vifaa vihesabiwe na kuagizwa pamoja ili gharama ya kubeba isirudiwe.

Kazi ya sindano nayo ipangiwe nafasi yake. Kwa wengine ni burudani, kwa wengine ni mapato, na mteja anaingojea kofia yake. Vumbi la chokaa huchafua kitambaa cheupe na kuwasha macho. Kabla fundi hajaanza, kona moja ya nyumba itengwe, kofia na nyuzi zitiwe ndani ya boksi lenye mfuniko, na mwenye kushona ajue siku zipi kutakuwa na vumbi. Mwanga wa kona hiyo uongezwe. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea mwanga mdogo sana kuliko la kijana wa miaka 20, hivyo chumba kinachomtosha mjukuu huenda kikawa giza kwa bibi. Miwani ya kusomea ipimwe. Mwenye kisukari avae kastabini na kukagua vidole vyake jioni, kwa sababu ganzi huweza kumfanya asihisi alipojichoma.

Hapa ndipo familia inapaswa kuwa macho. Mtu anayechagua mambo yake ni mzima wa akili. Lakini mtu mpole aliyebadilika ghafla katika siku chache, akawa mkali au kuchanganyikiwa, apelekwe kituo cha afya. Huenda ni maambukizi, sukari iliyopanda au kushuka, dawa zinazogongana, au maumivu asiyoyasema. Anayeonekana kutojali maswali huenda hayasikii vizuri. Na aliyeacha kushona kabisa, asiyelala, asiyetaka kula wala kuonana na watu, huenda ana ugonjwa wa huzuni, ambao una tiba. "Ni uzee tu" si jibu la kitabibu.

Wiki hii, kila familia yenye mzee inaweza kufanya jambo moja lisilohitaji fundi wala fedha. Chukueni karatasi, mwigawe sehemu tatu, kisha mkae naye asubuhi moja mpitie nyumba chumba kwa chumba. Yeye aseme kipi kiende wapi, mwingine aandike. Mkimaliza, ibandikeni nyuma ya mlango. Fundi akiuliza, aelekezwe huko. Mtoto akipiga simu kutoka mbali, asomewe. Na kama ngazi bado haina kishikio, hiyo ndiyo kazi ya kesho asubuhi.