Saumu ya Kidole

(Mawaidha kwa vijana, Nyeri, baada ya sala ya Alasiri)



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mliohudhuria. Mwezi huu tunakumbushwa kila siku tufunge na ulimi. Leo naongeza kidole, maana maneno mengi siku hizi hupitia kwenye simu.

Najua mama wengi, hapa Nyeri mpaka Nanyuki, huwaambia watoto wao, "Achana na mambo ya serikali huko mtandaoni." Usimcheke mama. Embu si mbali. Tarehe 21 Desemba 2024, kijana Billy Mwangi alichukuliwa huko akiwa kwa kinyozi, baada ya picha za kumkejeli Rais kusambaa. Polisi walisema si wao. Alirudi nyumbani Januari 6, 2025. Mwalimu Albert Ojwang' yeye hakurudi. Alikamatwa Homa Bay Juni 2025 kwa sababu ya ujumbe kuhusu mkubwa wa polisi, akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Wakasema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha alipigwa.

Je, basi tunyamaze? Hapana. Rose Njeri alitengeneza tovuti ya kuwasaidia wananchi kupeleka Bungeni maoni yao juu ya Mswada wa Fedha. Akakamatwa Mei 2025, akalala ndani siku kadhaa. Juni hiyo mahakama ikayatupa mashtaka, kwani hayakuonyesha kosa lolote.

Kwa hiyo ndugu yangu, sema, lakini sema kweli. Surat al-Hujurat inatutaka tuchunguze habari kabla ya kuifuata. Ukisambaza uongo au matusi, unampa dhalimu kisingizio cha kumfunga hata msema kweli.

Pia ijue haki yako. Katiba, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa aambiwe sababu, aongee na wakili, na afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Mfundishe na mama.

Na wewe mzazi, ukisikia mtoto wa jirani amechukuliwa, usianze kuuliza aliandika nini. Uliza kwanza yuko wapi, kisha mfuatane na mamake mpaka stesheni.

Allah atukubalie saumu zetu, na awarudishe salama wote waliopotezwa. Wabillahi tawfiq.