UOB: Tawi la Kisangani Lililoota Karhale

Leo tunaongea juu ya UOB (Université Officielle de Bukavu), chuo kikuu cha serikali kilicho pale Karhale, katika komini yetu ya Kadutu, mjini Bukavu.

Baba na mama zetu waliotaka kusoma udaktari au sheria walipaswa kuhama. Iniversite zilikuwa mbali: Kinshasa tangu 1954, Lubumbashi 1956, Kisangani 1963. Rais Mobutu aliziunganisha mwaka 1971 zikawa iniversite moja, UNAZA, na 1981 zikatengana tena. Bukavu hatukuwa na iniversite ya serikali. Kwenda Kisangani tu ni zaidi ya kilomita 600 za msitu, kupitia Walikale na Lubutu.

Mwaka 1993, wakati walimu wa serikali walikuwa wakikaa miezi bila mshahara, Iniversite ya Kisangani ilifungua tawi hapa. Tukaliita CUB, yaani Centre Universitaire de Bukavu. Tawi changa huishi kwa maprofesa wageni: profesa anafika, anafundisha kozi nzima kwa siku chache, anatoa mtihani, anarudi kwao. Kisha vita, 1996 na tena 1998. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, mji wa chuo mama. Tawi halikufa. Mwaka 2004, mwaka ule ule makamanda waasi Nkunda na Mutebutsi walipouteka mji wetu, likawa iniversite yenye kujitegemea.

Nani alilishikilia? Nasema wazi: wazazi. Serikali ilitoa jina na muhuri. Mama anayeuza fretini sokoni Kadutu alitoa minervali, yaani karo.

Naye mama huyo amepata nini? Tazameni mtaa wa Funu, ambako mlima unateremka polepole na nyumba zikiwa juu yake. Watafiti wa jiolojia wa UOB na wenzao wa Ubelgiji walilinganisha picha za zamani zilizopigwa kutoka ndegeni na za satelaiti za leo. Mwaka 2022 walitoa matokeo katika jarida Nature Geoscience: mji ulivyojaa juu ya mlima ule, ndivyo udongo ulivyozidi kukimbia. Sababu kubwa ni maji. Mvua ya mabati isiyo na mfereji na mabomba yanayovuja hulowesha udongo wa chini, nao hupoteza nguvu ya kujishika. Udongo ukisogea, bomba linapasuka. Bomba likipasuka, udongo unalowa na kusogea tena.

Kwa hiyo, baba unayejenga mtelemkoni, anza na mfereji kabla ya ukuta. Maji ya mabati yapelekwe mbali, yasiachwe kuzama kando ya msingi. Ukiona ufa mpya ardhini, usiufukie ukanyamaza: mwambie shefu wa kartie. Nao vijana wa jiolojia wakipita kwenu na vipimo vyao, wafungulieni lupango, wapime.