Mombasa hadi Malindi, Shuka Njiani

Msikilizaji, kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, na abiria wengi huzimaliza wakisinzia dirishani. Safari ijayo, nakusihi ushuke.

Ukishavuka daraja la Mtwapa, kata kulia hadi Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14 ulio ufuoni kabisa. Mashamba ya mkonge ya Vipingo yaangalie ukipita tu. Kilifi, kabla ya daraja, ingia kwenye magofu ya Mnarani uitazame hori kutoka juu. Hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1991, magari yalivushwa kwa feri. Nunua korosho, endelea.

Gede ipe nusu siku. Mji huu uliomezwa na msitu uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024. Lipo kaburi lililoandikwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399, na nyumba zenye vyoo vya ndani. Ni babu zetu waliojenga haya, na watoto wetu wanastahili kuyaona kwa macho yao. Ziangalie kuta kwa karibu: ni mawe ya matumbawe na chokaa, na kipande kikishamomonyoka ndio basi. Kwa hiyo tafadhali usipande ukutani kupiga picha, usichore jina lako, na ndizi usiwape tumbili.

Ondoka Mombasa alfajiri. Ukiwa dereva, punguza mwendo kila penye soko au shule, maana watoto huvuka ghafla.